Hesabu Ni Nyepesi, Sindano Ndiyo Kazi

Hesabu yenyewe ni hii. Unachukua volteji ya seli ya kwanza, unatoa volteji ya seli ya pili, unazidisha kwa namba uliyoichagua mwenyewe, na jibu unalirudisha ndani ya seli likiwa mkondo wa umeme: upande mmoja kwa alama ya kujumlisha, upande wa pili kwa alama ya kutoa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza bila kikokotoo. Kompyuta ikiirudia mara 20,000 kila sekunde, na seli zenyewe zikiwa hai na zimechomwa sindano za kioo, nyuroni mbili, yaani seli za neva, ambazo hazijawahi kugusana zinaanza kusikizana.

Njia hii inaitwa klampu dainamiki. Ilitoka mwaka 1993, sehemu mbili kwa wakati mmoja: kundi la Andrew Sharp, Michael O'Neil, Larry Abbott na Eve Marder katika Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, na Hugh Robinson na Nobufumi Kawai waliokuwa na shughuli zao kando kabisa.

Mimi ni mtoto wa Langoni, Lamu, na nilisomesha fizikia sekondari kabla ya kuingia huku. Vijana wa Pwani waliosoma umeme au hesabu huniuliza mtu wa Amu alifikaje kwenye mambo ya ubongo bila kupitia udaktari, na karibu wote wanaogopa hesabu. Hesabu haikunisumbua hata siku moja. Kilichonila muda, pesa na usingizi ni vitu viwili ambavyo hakuna aliyenitajia mapema: sindano inayodanganya kuhusu volteji ya seli, na kompyuta inayochelewa kujibu.

Nianze na kamba. Mjomba wangu hununua kamba koche kwa wapiga mbizi wa Kizingitini, wale wanaomtishia kamba kwa pweza mpaka atoke mwenyewe kwenye pango lake. Nyumbani tulijua mkia una bei na kichwa ni cha mchuzi. Siku niliposoma kwamba kuna wataalamu waliomaliza umri wao wa kazi wakichunguza neva za tumbo la mnyama huyo, nilicheka peke yangu, kisha nikasoma tena. Juu ya tumbo la kamba, karibu na kichwa, pana fundo dogo la neva lenye nyuroni karibu 30 tu. Fundo hilo ndilo linaloendesha meno ya ndani ya tumbo yanayosaga chakula, na chujio linalofuata. Ukilitoa pamoja na neva zake ukaliweka kwenye sahani ya maji ya chumvi yaliyopozwa, linaendelea na mdundo wake kwa saa nyingi, lishe hakuna, tumbo hakuna. Kila nyuroni inajulikana kwa jina lake, na utaikuta kwa kamba huyu na kwa yule. Allen Selverston na wenzake wa San Diego walimtumia kamba wa California, *Panulirus interruptus*. Wa kwetu ni *Panulirus* pia, ukoo mmoja, na wote wawili hawana magando.

Nyuroni nyingine huzungumza kwa kemikali, nyingine kwa umeme wa moja kwa moja. Hizi za umeme zina vijitundu vya protini vinavyopita kutoka utando wa seli moja mpaka wa jirani yake, na ayoni zinapenya humo. Fikiria visima viwili vilivyotobolewa chini kwa chini: maji yanakimbilia palipopungua, na kadiri tundu lilivyo pana ndivyo yanavyosawazika haraka. Edwin Furshpan na David Potter walilieleza jambo hili mwaka 1959 kwa nyuroni za kamba wa maji matamu. Watu wengi walidhani ni mambo ya wanyama wa chini zaidi, mpaka mwaka 1999 makundi mawili yalipoonyesha miunganisho hiyo kati ya nyuroni za kuzuia katika gamba la ubongo wa panya.

Mtu ataniuliza, kama tundu tayari lipo, kompyuta ya nini? Ni kwamba tundu la asili hulipangii. Dawa zinazoziba vijitundu hivi huharibu na mengine mengi ndani ya seli, na ukishaziba umeziba. Kwa kompyuta unaongeza, unapunguza, unafuta, tena katikati ya rekodi, seli ikiwa ile ile. Unaweza hata kuweka namba hasi, kitu ambacho maumbile hayana, na nitakirudia kwa sababu ndicho kilichonifanya nibaki kwenye kazi hii.

Nilianzia kwenye meza ya chakula, kwa laptopu ya mtumba ya shilingi 28,000. Programu nilizotumia ni NEURON, ya akina Michael Hines na Ted Carnevale, na Brian, inayoandikwa kwa Python. Zote ni za bure. Pakua kila kitu siku moja, pamoja na maelezo yake na mifano, ukiwa kwa mtu mwenye Wi-Fi ya maana. Bando la simu litakwisha katikati na ukirudi kesho utaanza upya.

Usianze na ubongo, wala usianze na mtandao wa nyuroni mia. Anza na seli mbili bubu, zisizotoa spaiki, ule mshtuko mfupi wa umeme ambao neva hutumia kupeleka habari, kila moja ikiwa na ukinzani wa megaomu 10. Ukinzani huo ni sawa na upitishaji wa nanosimensi 100. Ziunganishe kwa nanosimensi 100 nyingine, isukume ya kwanza kwa mkondo usiobadilika, kisha usome ya pili: lazima ipande nusu ya ilivyopanda ya kwanza, kwa sababu 100 ukigawanya kwa 100 na 100 ni nusu. Isipofika nusu, programu yako ina kasoro, na ni heri uijue hapo kuliko mbele ya mnyama aliyekufa kwa ajili yako.

Baada ya hapo ndipo uingie kwenye milinganyo ya Hodgkin na Huxley ya mwaka 1952, ile inayoeleza spaiki inavyozaliwa kwenye mhimili mkubwa wa ngisi, yaani uzi mrefu wa seli yake ya neva. Hii inafaa kujulikana na kila anayelalamika kuhusu laptopu yake: Andrew Huxley alizikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kwa vile kompyuta ya Cambridge wakati huo ilikuwa imezimwa ifanyiwe marekebisho. Wewe una Python. Tumia hatua ya milisekunde 0.01, ukiipanua mpaka 0.1 ili programu iende mbio, spaiki zinapinda au hesabu nzima inalipuka.

Kuna zoezi moja ningelifanya mapema zaidi lau ningelijua, nalo ni kuziiga hitilafu. Sote huiga seli nzuri na waya mzuri. Chukua zile seli zako mbili, uucheleweshe mkondo wa kuunganisha kwa hatua moja, kisha kumi, kisha mia, uangalie kinachotokea. Halafu weka ukinzani wa sindano kati ya kompyuta na seli. Usiku mmoja wa mchezo huo unafundisha kuliko mwezi wa kusoma.

Kutoka kwenye skrini nilikwenda kwenye waya. Maabara nyingi hujaribu mitambo yao kwa seli bandia: rezista ya megaomu 10 na kapasita ya nanofaradi 1 zikiwa sambamba, hivyo volteji inachukua takriban milisekunde 10 kupanda, karibu na seli halisi. Rezista za ukubwa huo hazipatikani kwenye bodi mbovu za redio. Zangu zilitoka Luthuli Avenue, Nairobi, zikaja kwa basi na mtu anayejuana na mtu. Kuunga risasi nilifanyiwa na fundi wa simu wa mtaani kwetu, kijana mwenye mikono isiyotetemeka, ambaye muda wote alikuwa na swali moja.

"Mwalimu, hii itashika stesheni gani?"

Nikamwambia haishiki stesheni, ni mfano wa seli ya neva. Akaitazama. Akaigusa kwa kidole, na mstari kwenye skrini ukavimba papo hapo ukawa mawimbi mazito yanayorudi mara 50 kila sekunde. "Imeshika," akasema. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ule ni umeme wa ukutani, unaoingia kupitia mwili wa mtu, chaja ya laptopu, taa, feni, chochote. Marekani nilikuja kuukuta ule ule, ila kule ni mara 60. Dawa yake ni kizimba cha waya kilichounganishwa na ardhi, sehemu moja tu ya ardhi kwa vifaa vyote, na laptopu iendeshwe kwa betri. Lamu nilikuwa na bahati ambayo wenzangu hawana: umeme ukikatika mtaa mzima, mstari ulitulia ukawa safi ajabu, nami nikakimbilia kurekodi wenzangu wakitafuta mishumaa.

Kompyuta ya kazi hiyo ilikuwa maikrokontrola ndogo ya Teensy. Mwaka 2017 Niraj Desai na wenzake walionyesha kwamba kibao hicho cha bei ya chakula cha watu wachache hotelini kinatosha kuendesha klampu dainamiki nzima, na michoro yao iko wazi kwa kila mtu. Wao walitumia Teensy 3.6. Ukienda dukani leo utauziwa 4.0 au 4.1, ambazo zina kasi zaidi lakini hazina sehemu ya kutoa volteji laini; utahitaji chipu ya ziada. Tena kibao kinaelewa volti 0 hadi 3.3 tu, na amplifaya ya maabara inazungumza volti za juu na za chini ya sifuri, kwa hiyo katikati pana sakiti ya kuhamisha viwango. Isome sakiti hiyo mpaka uielewe kabla ya kununua chochote.

Hizo seli bandia ndizo zilizonipeleka. Nilipoandika kuomba nafasi kwenye maabara moja ya pwani ya magharibi ya Marekani, sikutuma sifa za shule. Nilituma picha mbili za mistari, moja kabla ya kuunganisha na moja baada, na aya fupi ya kueleza kwa nini ya pili haikufika nusu kamili. Nilijibiwa.

Pesa, tuzungumze bila aibu. Ada ya viza ilikuwa dola 185 na ya kusajiliwa kama mgeni wa mafunzo dola 220, na zote hazirudi hata ukinyimwa. Mahojiano ni Nairobi, yaani boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, na safari nyingine mpaka huko, pamoja na kulala na kurudi. Tiketi ya ndege maabara iliahidi kulipa na ikalipa, ila kwa kunirudishia baadaye, baada ya mimi kuinunua. Nyumba nayo ilitaka amana kabla sijaona mshahara. Mjomba alinikopesha fedha za msimu mzuri wa kamba, na mama akaweka bangili. Uliza mapema, kwa maandishi, nani analipa nini na lini. Neno "tutalipia" lina tarehe ndani yake na usipoiuliza hutaambiwa. Mwenyeji wa maabara hakuwa na ubaya. Hakuwahi tu kuwaza mtu asiye na kadi ya benki ya mkopo anaishije.

Kamba wanalazwa kwenye barafu mpaka wafe ganzi, kisha tumbo linatolewa, linapasuliwa na kubandikwa kwa pini kwenye sahani yenye kitako cha silikoni. Halafu ni hadubini na koleo zenye ncha nyembamba kuliko unywele, ukifuata neva moja moja mpaka fundo lenyewe. Ilinichukua siku kutwa, shingo ikawaka moto, na mara nyingi za mwanzo nilikata neva iliyohitajika. Fundo lina ala inayolifunika. Usipoiondoa sindano inavunjika, ukiiondoa vibaya seli zinakwenda nayo. Hakuna kitabu kitakachokupa mikono hiyo. Kaa na mtu anayejua, umtazame, kisha akae akutazame wewe.

Mama alinipigia siku moja akauliza, "Na mkia mwaufanya nini?" Nikamwambia wenzangu wanapeana zamu kuuchukua nyumbani. Alipumua. Kwake tatizo lilikuwa israfu. Kwangu lilikuwa jingine, na lilikaa muda: nimekulia kwenye nyumba iliyoishi kwa kamba, sikuwahi kuona huruma jikoni, lakini pale, mnyama mmoja akifa kwa ajili ya rekodi iliyoharibika kwa uzembe wa waya, nilirudi chumbani sina hamu ya kula. Niliamua kwamba sitafungua kamba mpaka mtambo mzima umepita mtihani wa seli bandia asubuhi ile ile. Baadaye niligundua wakongwe wote hufanya hivyo, hawasemi tu.

Sasa sindano. Inavutwa kutoka kwenye mrija wa kioo kwa moto, inajazwa maji ya chumvi ya potasiamu, na ncha yake ni nyembamba kiasi cha kuwa na ukinzani wa megaomu 10 mpaka 20 na zaidi. Unaishusha kidogo kidogo, mstari uko sifuri. Unagonga meza kwa ukucha. Ukibahatika mstari unaporomoka ghafla mpaka milivolti hasi hamsini na kitu, na mara unaanza kupanda na kushuka taratibu, karibu mara moja kwa sekunde, kila kilele kikiwa na spaiki ndogo ndogo juu yake. Spaiki ni ndogo kwa sababu zinazaliwa mbali, kwenye mhimili, zinafika mwilini mwa seli zimechoka. Kujua umeingia seli gani, linganisha na rekodi ya nje ya neva iendayo kwenye msuli: kila spaiki ya seli iwe na mwenzake kule.

Tulitaka zile ziitwazo PD, ambazo ni mbili. Nikaingiza sindano moja kila seli, nikawasha hesabu yangu niliyoijua kwa moyo, nikaweka nanosimensi 100. Skrini ilijaa wima juu mpaka chini, kipaza sauti kikapiga kelele, na seli mojawapo haikurudi tena.

Kilichotokea ni hiki, na ndicho ninachotaka mtu akikumbuke akisahau mengine yote. Tofauti ya milivolti 10 ukizidisha kwa nanosimensi 100 unapata nanoampia 1. Mkondo huo unapita kwenye sindano ile ile unayosomea volteji. Nanoampia 1 kwenye sindano ya megaomu 10 ni milivolti 10 za uongo, sawa kabisa na kile ulichokuwa unakipima! Hatua inayofuata kompyuta inausoma uongo huo, inaujibu kwa mkondo wa kinyume, unazaliwa uongo mwingine. Zidisha upitishaji uliouchagua kwa ukinzani wa sindano. Jibu likiwa dogo sana kuliko 1, utaishi na kosa dogo. Likikaribia 1 umekwisha, na kwa seli mbili zinazosukumana kwa kinyume hatari inakuja mapema mara mbili. Amplifaya zina kitufe cha kufidia ukinzani wa sindano, lakini ukinzani unabadilika sindano ikizibwa na uchafu au ikisogea, nawe huoni. Romain Brette na wenzake walitoa mwaka 2008 njia ya kompyuta yenyewe kujifunza tabia ya sindano na kuitoa. Njia ya kizamani ndiyo niliyoipenda: sindano mbili kwa kila seli, moja ya kusoma, moja ya kutia mkondo. Ni sindano nne kwenye fundo dogo kuliko punje ya mchele, na kazi ya kuziweka inazidi mara mbili, lakini unachosoma ni kweli.

Na uweke ukomo ndani ya programu. Mkondo usizidi nanoampia chache, hesabu iseme inavyosema. Ni mstari mmoja wa programu.

Kuhusu saa nitasema kwa ufupi. Kompyuta ya kawaida inaahidi kukujibu kila maikrosekunde 50 na inatimiza, mpaka inapokumbuka kutafuta masasisho au kupanga faili. Hapo inakuacha milisekunde kadhaa, na seli imeshatoa spaiki. Ndiyo maana watu hutumia Linux iliyorekebishwa kwa kazi za papo kwa papo, na programu ya bure ya RTXI juu yake, au kibao cha Teensy ambacho hakina kazi nyingine duniani. Ukitumia kompyuta, zima Wi-Fi, zima usingizi wa prosesa, na uhifadhi muda halisi wa kila hatua pamoja na data. Wastani usikudanganye, tafuta ile hatua moja iliyochelewa kuliko zote.

Kwa wasio na seli mbili pana njia ya katikati, na wengi huidharau: nyuroni moja hai, na ya pili ndani ya kompyuta. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Unaipanga ile ya kompyuta iwe na mdundo wa pole, unaiunganisha na hai, unaona hai inavutwa. Sindano mbili badala ya nne, na nusu ya machozi.

Ile namba hasi sasa. PD mbili zimeunganishwa tayari kwa maumbile, ndiyo sababu zinapanda na kushuka pamoja. Mwaka 1998 Robert Elson, Selverston na wenzao, akiwemo Mikhail Rabinovich na Henry Abarbanel, waliitenga jozi hiyo na mtandao uliobaki, wakaiwekea muunganisho wa kompyuta wenye alama ya kutoa, kufuta ule wa asili. Jumla ya ule wa asili na ule wa kompyuta ikiwa karibu na sifuri, kila seli ilikwenda njia yake. Wakizidisha kutoa, zilianza kupokezana, moja ikipanda nyingine ikishuka. Wakiongeza upande wa kujumlisha, hata spaiki za ndani zilianza kupigwa pamoja, jambo ambalo muunganisho wa asili peke yake hauwezi.

Tulilirudia. Nilikuwa nimeshika kitufe, nikishusha namba polepole, mistari miwili ya rangi tofauti ikiwa imelaliana. Kwa muda hakuna kilichobadilika. Halafu mmoja ukachelewa kidogo, ukarudi, ukachelewa tena zaidi, na mwisho ikawa miwili kweli, kila mmoja na pumzi yake. Nikarudisha namba sifuri, ikalaliana. Mwenzangu wa maabara alikuwa anakula biskuti, hakuinua hata uso, ameshayaona. Mimi nilitoka nje nikampigia mjomba, kwake ilikuwa usiku wa manane. Uangalifu mmoja: namba hasi inasukuma tofauti ikue badala ya kupungua, kwa hiyo ukipita kiasi seli zinakimbizana mpaka ukomo wa mkondo. Ndipo ule mstari mmoja wa programu unapolipa.

Nimerudi Lamu tangu hapo, na swali ninaloulizwa zaidi ni kama haya yanawezekana hapa. Upande wa kompyuta na seli bandia, asilimia mia. Anayetaka walimu bila kuvuka bahari ya mbali, pana mafunzo ya Imbizo, ya kuchunguza ubongo kwa hesabu na kompyuta, yanayofanyika Muizenberg, karibu na Cape Town, tangu 2017, na yanapokea watu wa fizikia na hesabu. Upande wa seli hai unahitaji amplifaya, hadubini na mikono ya chuma ya kushikia sindano, na vya mtumba navyo ni maelfu ya dola. Utafiti wowote wa namna hiyo Kenya unataka kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na uanze kukiomba kabla ya kuagiza hata skrubu. Usihifadhi vifaa vya umeme dirishani kutazama bahari. Hewa yetu ina chumvi na viungo vya shaba vitageuka kijani kabla ya mwaka.

Kitu kimoja, hata hivyo, kinapatikana mtaani kwetu kuliko nilikotoka. Ndani ya kila sindano huwa na waya mwembamba wa fedha, kama robo milimita, uliofunikwa kloridi ili volteji isitembee. Nje unauzwa kwa bei ya kuudhi. Masonara wa Lamu wanavuta waya wa fedha kila siku. Mwambie waziwazi unataka fedha safi, kwa sababu ile ya pete na bangili imechanganywa shaba ili iwe ngumu, na shaba itakuharibia rekodi. Usugue kwa msasa laini, uuloweke kwenye Jik mpaka ugeuke rangi ya zambarau iliyokolea, uusuuze kwa maji safi, na usiuguse tena kwa vidole. Ukiona rangi imebanduka mahali, rudia.